Vipimo Vinne vya Kusubiri

Gisenyi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Mutesi,

Nakuomba radhi kwa ukimya wa wiki tatu. Mtu huomba radhi ya namna hii akiwa mbali, barua ikiwa imechelewa au anwani imepotea. Mimi sina kisingizio hicho. Tumekaa nyumba moja, tumekula chakula cha chungu kimoja, na kila asubuhi umeniamkia nami nikakujibu kwa neno moja, kama ninavyowajibu watu wa foleni kwenye dirisha langu la mpakani. Sasa umekwenda Cyanzarwe kumuaga shangazi yako, mama yako yuko sokoni, na nyumba ni yangu peke yangu mpaka jioni. Nimeona heri niandike kabla hamjarudi. Mkisharudi nitaanza tena kutafuta miwani niliyoivaa.

Nimechoka, mwanangu. Nalisema hili mwanzoni ili usishangae ukiona mwandiko wangu unateremka chini ya mstari. Huo si uzembe. Ni mkono uliopiga mihuri tangu Jumatatu.

Kesho utapanda basi kwenda Butare, kwenye mafunzo ya likizo ya wanafunzi wa ala za kupuliza na ngoma. Wiki nne. Habari za sweta, za vidonge vya malaria na za kutokunywa maji yasiyochemshwa mama yako amekwisha kukueleza mara tatu, na mara ya tatu alikueleza kwa kukukunjia nguo upya. Sitaongeza hata moja. Mwaka jana, kwa sababu ya vita, barabara hii haikuwa ya kumpitisha mtoto. Mwaka huu inapitika, na hilo peke yake lingenitosha kunyamaza na kushukuru. Lakini nilinyamaza kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo ninayopaswa kukueleza.

Nianze na siku ile ya mazoezi shuleni kwenu.

Nilifika mapema kuliko ulivyonitarajia, nikasimama nyuma ya darasa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Mlikuwa mkipiga ule wimbo wa maandamano mliojifunza kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Yule binti mfupi wa klarineti alikuwa na kimya kirefu cha kuhesabu, kisha aingie peke yake. Nilimwona akiinua klarineti, akavuta pumzi, akapuliza, na sauti haikutoka. Kiulimi cha mwanzi kilikuwa kimemkaukia. Kijiti cha mwalimu wenu kiliendelea kwenda juu na chini. Wewe, kwenye ngoma ndogo, ulimtazama yule binti mara moja tu. Hukushtuka. Ulirudi nyuma vipimo vinne vya wimbo, ukavipiga tena kana kwamba ndivyo vilivyoandikwa, ngoma kubwa ikakufuata, matrombone yakasubiri, na yule binti akalowesha kiulimi chake akaingia mahali pake. Hakuna aliyejua kwamba kitu kilivunjika. Mwalimu wenu aligeuza karatasi yake mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ukurasa uliochukuliwa na upepo, kisha akaacha.

Mimi nilijua.

Njiani nilikuuliza ni nani aliyekufundisha kurudia vile. Ulijibu kwa furaha, huku vidole vyako vikipiga mkoba.

"Yule mzee wa ngozi, Baba. Yule anayetoka Goma. Alipokuja kuzivika ngoma zetu ngozi mpya alisema ngoma haimwachi mwenzake."

Hapo ndipo nilipokuambia kwamba msichana hapigi ngoma, na kwamba utarudi kwenye korneti au hutakwenda Butare wala kokote. Ulininyamazia mpaka tukafika nyumbani. Tangu hapo mimi nami nikakunyamazia, na ukimya wangu ukawa mrefu kuliko wako.

Shangazi yako alipopata habari alifurahi sana, kwa kuwa si mara nyingi mimi naye tunakuwa upande mmoja. Alikuja, akaketi, akasema kwamba katika ukoo wetu mwanamke hakuikaribia ngoma hata kwa kuipangusa vumbi, na kwamba kama ni lazima upulize au ugonge kitu, basi ushike filimbi, kwa sababu filimbi haimlazimishi msichana kukaa kama mkamua ng'ombe. Mama yako alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kwa upole kama siku hizi kule Cyanzarwe wanaume ndio wanaotwanga, maana mkono wa kutwanga na mkono wa kupiga ngoma ni uleule. Nilikaribia kucheka. Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya shangazi yako, na mtu aliyejificha hacheki.

Fomu yako ya kwenda Butare ililala juu ya meza siku nne. Siku ya tano mama yako aliichukua, akatafuta kalamu kwenye koti langu, akaandika jina lake polepole kama afanyavyo.

"Nimetia sahihi," aliniambia. "Kama yangu haitoshi, yako iko mkononi mwako."

Mila ile ipo, Mutesi, wala mimi si mtu wa kudharau mila. Lakini nilikudanganya. Ulizaliwa Karagwe na mpaka ulipotimiza miaka kumi na miwili ulikuwa ukipiga mabeseni ya mama yako kutoka asubuhi hadi jua linatua. Sikuwahi kukukataza ila kwa sababu ya kelele. Siku ile sikuwa nikiikataza ngoma. Nilikuwa nikimkataza yule mzee, na yeye hakuwepo.

Jina lake ni Anakleti. Nafikiri hukuliuliza, maana watoto huwaita wazee kwa kazi zao.

Nilipokuwa na umri wako tuliishi katika safu moja ya vibanda vya wakimbizi, yeye mwisho wa kushoto na mimi katikati. Misheni ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kila likizo ndefu Bruda mmoja wa misheni ile, mtu mrefu aliyevaa viatu vya ngozi hata ndani ya bustani, aliwakusanya wavulana wa shule zote za jirani kwa mafunzo ya bendi: wa korneti, wa trombone, wa ngoma, wa matoazi. Asubuhi tulipuliza noti moja, moja tu, ndefu, mpaka kuku wa misheni walipozoea. Mchana tuliketi kwa safu, kila ala na kiongozi wake. Jioni tulitembea uwanjani kwa hatua, tukipiga huku tunatembea, na aliyekosa hatua aliizunguka bendi nzima mbio. Nadhani huko uendako mambo hayatakuwa tofauti sana, ila kuku labda hakuna.

Kwetu korneti haikuwa burudani. Ilikuwa mlango wa shule. Waliochaguliwa mwisho wa mafunzo walipewa kitanda bwenini na darasa mpaka wamalize. Wasiochaguliwa walirudi kambini wakiwa na mkeka wao. Hatukuambiana jambo hili. Lilikuwa ndani ya kila pumzi tuliyovuta.

Anakleti alipiga ngoma ndogo. Hakuwa na ngoma ya kufanyia mazoezi kambini, kwa hiyo alipiga paja lake, na katika zile saa tatu za njiani paja lile lilikuwa saa yetu. Mimi nilikuwa kiongozi wa safu ya korneti. Wavulana waliniita Nukta, kwa sababu mtu akikosea sentensi niliikamilisha mimi, sawasawa, na hapo mazungumzo yakafa. Anakleti ndiye aliyelibuni jina hilo. Nililichukia, na nililipenda kwa kuwa lilitoka kwake.

Wimbo wa kufungia mafunzo ulikuwa na sehemu ya korneti peke yake. Kwanza nilikuwa na vipimo thelathini na viwili vya kimya, ngoma na tarumbeta za besi zikienda, kisha niingie juu, kwenye noti ambayo siku njema niliipata mara tatu kati ya nne. Bruda alikuwa na sheria kwamba midomo ipumzike mchana, na kwamba atakayeumia aseme siku hiyohiyo. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala la kahawa wenzangu walipolala, nikaitafuta noti ile. Mpigaji mwema huitafuta kwa pumzi. Mimi niliitafuta kwa kukaza kinywa cha korneti kwenye mdomo. Unalijua kosa hilo, nimekukataza tangu ulipokuwa na miaka minane, ukanicheka kwa ukali wangu. Ukikaza, noti inapanda leo, na kesho mdomo umekufa ganzi, na keshokutwa unapuliza hewa tupu.

Anakleti aliniona siku moja kabla ya kufunga mafunzo.

"Mwambie Bruda," alisema. "Mdomo wako umekuwa kama andazi."

Nilimjibu kwamba ashughulike na vijiti vyake.

Askofu alikuja kufunga mafunzo. Viti viliwekwa kwenye kivuli, sisi tukasimama juani. Nilihesabu kimya changu bila kosa: sijawahi kuhesabu vizuri namna ile. Kipimo cha thelathini na mbili kilikwisha, nikapuliza, ikatoka hewa. Hewa tu, kama mtu anayepoza uji. Nilisikia besi zikiniangalia, kama besi zinaweza kuangalia. Na hapo Anakleti alirudi nyuma vipimo vinne. Alivipiga tena, taratibu, bila haraka, akiwa amenikazia macho. Nililowesha mdomo, nikajaribu tena, hewa. Akarudi tena. Mara ya tatu nilipata sauti, noti ya chini, si ile iliyoandikwa, lakini wakati huo besi mbili zilikuwa zimekwenda mbele na trombone moja ilikuwa imerudi, na wimbo ukaanguka mbele ya askofu kama kuni zilizofungwa vibaya.

Jioni Bruda aliniita mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa safu. Hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka, kama nilivyo leo. Aliuliza swali moja.

"Nani aliyevunja hesabu?"

"Ngoma ilirudia, Bruda."

Hayo ndiyo maneno yangu yote. Sikusema uongo wowote unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ngoma ilirudia kweli. Sikusema ilirudia kwa nini. Hakuniuliza, na mimi nilikuwa mvulana anayejibu alichoulizwa.

Asubuhi majina yalisomwa. Langu lilikuwemo. La Anakleti halikuwemo, na alikuwa mpigaji bora kuliko wote waliosomwa. Alikuja kuniaga akiwa na mkeka begani. Hakujua kwamba Bruda aliniuliza chochote. Alidhani Bruda alisikia kwa masikio yake mwenyewe akahukumu vibaya, na mtu hawezi kugombana na masikio ya Bruda. Alinipa mkono. Aliniambia niupumzishe mdomo. Kabla ya mwaka kwisha mjomba wake aliwachukua wote wakaenda Kivu, na sikusikia habari zake tena.

Mdomo wangu haukupona vizuri. Noti za juu sikuzipata tena, na Bruda, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliniweka kwenye kazi ya kunakili noti kwa wino kwa ajili ya bendi. Lakini kitanda changu kilibaki bwenini. Nikamaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundishwa sarufi na walimu wasiosamehe, nikafundisha Kiswahili kwa miaka zaidi ya ishirini, nikamwoa mama yako kwa jina la mwalimu. Kila kitu unachokiona katika nyumba hii kilipitia kitanda kile. Wanafunzi wangu waliniogopa, nadhani umesikia. Nilikuwa nikitia wino mwekundu hata kwenye kadi za Krismasi walizoniletea. Nimesahihisha makosa ya watu wengi mno, Mutesi. Lile moja sikuligusa.

Sasa nikueleze habari za dirisha, halafu nitakuacha.

Mwaka ule wa kwanza niliopewa kazi kwenye Grande Barrière, kituo kikubwa cha mpaka wa Goma, alikuja mtu mwenye mvi kwenye foleni ya Alhamisi, foleni ya wafanyabiashara wanaovuka kwenda na kurudi. Sikumtazama usoni, kwa sababu mimi hutazama karatasi. Lakini wakati akingoja muhuri, vidole vyake viwili vilipiga mbao ya dirisha langu. Vipimo vinne. Kisha vilevile vinne. Nilisoma jina kwenye karatasi baada ya kuwa nimekwisha kulijua. Nilipiga muhuri, nikairudisha karatasi, nikaita anayefuata.

Tangu wakati ule amepita dirishani kwangu takribani kila Alhamisi ambayo mpaka ulikuwa wazi. Huenda Mudende kununua ngozi za ng'ombe, jioni anarudi nazo Goma. Kuna madirisha mawili, na yeye huja kwangu hata foleni yangu ikiwa ndefu. Nilijiambia kwamba ni mazoea. Nilijiambia kwamba hanijui, kwamba nimenenepa, kwamba miwani humbadilisha mtu. Miaka mitatu nimempigia muhuri rafiki yangu bila kumtazama. Nilipojua kwamba ndiye aliyekufundisha wewe kurudia vile vipimo, niliona kama mtu ameingia nyumbani kwangu kwa mlango nilioufunga kwa mbao na misumari. Ndipo nikakufungia wewe.

Juzi Alhamisi alikuja, akaweka karatasi yake, na juu ya karatasi akaweka kifurushi cha kitambaa.

"Nukta," alisema.

Niliinua kichwa.

"Mi nilikujua tangu siku ya kwanza. We njo ulikuwa unaangaliaka karatasi tu. Nikasema, bon, huyu mutu iko kazini, nisimusumbue."

Nilimwuliza habari za nyumbani kwake. Hilo ndilo nililopata kusema baada ya miaka yote ile. Akasema wako wazima, wajukuu wanne, mmoja mukorofi. Kisha akasema kwamba walimu wa shule yenu wamemwambia yule binti wa ngoma ndogo ni wangu.

"Iko na mukono muzuri. Haina haraka. Umupatie hii, nimechonga mwenyewe, ni muti ya Masisi, iko nguvu. Na umuambie asikazake vidole."

Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani, aliyekuwa nyuma yake, aliuliza kama chef, yaani mimi, na mzee wanataka waletewe viti na chai. Watu walicheka. Anakleti naye alicheka, akamwambia mama yule kwamba tumekuwa tukingojana tangu utoto, dakika mbili si kitu. Kisha akanigeukia, na bado alikuwa akitabasamu.

"Bruda alinifukuza sababu alisema nimepoteza hesabu. Mi najua sikupoteza. Nilikuwa nakungojea we. Lakini mutu anaweza kosea kusikia, hata Bruda. Nilishamusamehe zamani."

Nilipiga muhuri. Mkono wangu uliupiga wenyewe. Alichukua karatasi, akagonga mbao mara moja kwa kidole, akaenda zake Mudende. Umenisikia maisha yako yote nikikatiza watu kusahihisha maneno yao mezani, sokoni, hata msibani. Juzi mtu alizungumza nami kwa Kiswahili cha Goma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sikutamani kulirekebisha hata neno moja. Kosa pale dirishani lilikuwa mimi.

Kwa hiyo unaona ninachokibeba. Amemsamehe Bruda, ambaye hakukosea. Bruda alihukumu kwa maneno aliyoletewa, na aliyeyaleta ni mimi. Sijui, mwanangu, kama ni haki nimwambie. Kuna wakati naona kwamba ni lazima, na kwamba kila Alhamisi ninayonyamaza namfukuza upya. Kuna wakati naona kwamba yeye amekwisha kupata amani yake, ameijenga kwa jiwe alilolipata, na mimi nataka kulichomoa jiwe hilo kwa sababu tu nimechoka kulala na siri yangu. Labda atacheka. Labda ataichukua karatasi yake kimya, na wiki ijayo ataenda dirisha la pili. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa, na kwa kuwa naliogopa sana, siyaamini mawazo yangu yanaponiambia ninyamaze kwa faida yake.

Mama yako hajui habari hizi. Wewe ndiye wa kwanza. Sikukuchagua kwa sababu una nguvu za kubeba; una miaka kumi na saba tu. Nimekuambia kwa sababu umekaa wiki tatu ukidhani baba yako anaona haya kwa ajili ya mikono yako. Nilikuwa nikiona haya, lakini si kwa ajili ya mikono yako.

Nilikusudia kukupa mausia, na sasa naona sina mengi. Mkono ukiuma, sema siku hiyohiyo, hata kama ni kesho yake mnapiga mbele ya wakubwa. Usiende nyuma ya ghala. Na siku mwenzako atakapokosa pumzi, rudia, kama ulivyofundishwa. Wimbo ukianguka na mkubwa akauliza, usimngoje aliyekosa pumzi aseme kwa niaba yako. Anaweza kuwa mtu mzuri, anaweza kuwa anakupenda, na bado asiseme. Simama wewe mwenyewe umwambie ulikuwa ukifanya nini. Na ikiwa siku moja aliyekosa pumzi ni wewe, basi unakijua kisa hiki, sina haja ya kukirudia.

Mambo mawili ya mwisho.

Fomu yako iko ndani ya bahasha hii. Nimetia sahihi yangu chini ya ile ya mama yako. Nafasi ilikuwa ndogo, na jina langu limeingia kidogo kwenye mstari wa mwalimu mkuu. Wakikuuliza, waambie baba yako alichelewa.

Vijiti vya Anakleti nimeviviringisha ndani ya mkono wa kushoto wa sweta. Vitazame, uvishike, uone alivyovipunguza shingoni ili visichoshe kifundo. Lakini nakuomba usivipigie ngoma bado. Tumia vya shule. Aliyevichonga alidhani anampa mtoto wa rafiki yake, na mimi sijui bado kama naweza kuitwa hivyo. Akishajua, na akasema vibaki kwako, vitakuwa vyako kweli. Akisema virudi, utanirudishia, nami nitavipeleka kwa mikono yangu hadi mlangoni kwake Goma.

Alhamisi atapita. Sijaamua. Nimeandika kurasa hizi zote nikitumaini kwamba nikifika hapa nitakuwa nimeamua, na bado. Nasikia lango, nadhani ni mama yako, ana mzigo, niende nikampokee.

Nivumilie kidogo, Mutesi. Unajua kuwasubiri watu kuliko mimi. Rudi nyuma vipimo vinne, uvipige taratibu, bila haraka. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako